Uso Wangu na Maji ya Mtungi

Mwaka 2021 watu wa mji wetu wa Baraka, huku Kongo, walikuwa na maneno mawili juu ya uso wangu. Mwanzoni walisema nimependeza, nimekuwa mweupe kama mtoto wa mjini. Haikupita miezi mingi wakageuza: yule mama kajiharibu kwa tamaa ya weupe. Katika wote hao hakuna aliyeuliza nilipewa na nani nilichopaka, wala nilikuwa naumwa nini. Nami nilinyamaza kwa aibu. Siku hizi kila nikipita sokoni naona nyuso zinazofanana na uso wangu wa wakati ule, na wenye nyuso hizo nao wamenyamaza. Kwa ajili yao nimeamua kusema. Nitaeleza pia jinsi baridi ilivyonivusha, maana juu ya baridi na ngozi ya uso kunasemwa mengi, na mengine si ya kweli.

Mimi ni mama wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Nilizaliwa upande wa Fizi, na mwaka 1996 vita vilipoingia nilivuka Ziwa Tanganyika nikiwa mtoto mgongoni mwa mama. Kigoma, Tanzania, walitupokea, nikakulia kambini Nyarugusu, Kasulu, pamoja na maelfu ya Wabembe wenzangu. Huko ndiko nilikosomea Kiswahili hiki ninachoandika. Oktoba 2005 Umoja wa Mataifa ulipoanza kurudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, majirani zetu walianza kuondoka familia moja moja, nasi tukafuata baadaye. Nilikuta nyumbani pwani ndefu, mitumbwi, na kazi ambayo mwanamke asiye na mtaji mkubwa anaweza kuianza kwa beseni moja.

Asiyeijua kazi hii ni vigumu aelewe habari ya uso wangu. Wavuvi wetu hutoka usiku wa giza na taa zao, kwa kuwa ndagala hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Alfajiri tunakuwa tumeshapanga mabeseni ufukweni, tunanunua, tunasambaza ndagala juu ya mchanga au juu ya nyavu kuukuu, kisha tunawageuza hadi wakauke. Kazi nzima ni ya kuinama. Jua linakupiga kisogoni, mchanga unakurudishia joto usoni, na magamba madogo ya samaki yanakurukia mashavuni. Mvua ikinyesha tunahamia kwenye moto, tunabanika samaki wanaoitwa mikeke, na moshi unachukua zamu ya jua. Ndagala wakishakauka tunawapakia kwenye magunia, na wengine tunawapeleka hadi Lulimba na Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mchimbaji hula samaki wakavu kwa sababu wabichi hawamfikii.

Mwaka huo nilipata upele mdogo mdogo pembeni mwa pua na juu ya mashavu. Ulikuwa ukiwasha, hasa jasho likiteremka. Nikaenda farmasi. Kwetu farmasi mara nyingi ni kibanda cha mbao chenye rafu tatu au nne, na aliye nyuma ya meza huenda alisomea dawa, huenda hakusomea. Sitataja ni kibanda gani. Yule kijana alinitazama usoni kwa muda wa kufungua droo tu, akanipa tyubu ndogo ya pomadi. "Mama, paka asubuhi na jioni mpaka upone." Bei yake haikuzidi bei ya kikombe cha ndagala. Maandishi ya kwenye tyubu yalikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ndogo mno, na mimi Kiingereza changu ni cha kusalimia.

Ile pomadi ilifanya kazi kwa namna ya kushangaza. Haikufika juma moja muwasho ukaisha. Upele ukalala. Juma lililofuata ngozi ikaanza kung'aa, madoa ya jua yakafifia, mashavu yakawa laini kama ya mtoto. Hapo ndipo sifa zilipoanza. Mama mkwe wangu, ambaye si mtu wa kumwaga sifa ovyo, alinishika kidevu akasema, "Sasa unatunzwa." Kanisani wenzangu wa kwaya waliuliza natumia nini. Mume wangu hakusema kitu, lakini alinunua kioo kipya. Kila nilipojaribu kuacha kupaka, siku ya pili au ya tatu uso ulianza kuwasha na kuwa mwekundu, nikirudia unatulia. Nikaamini kwamba ugonjwa wangu ni mkaidi na dawa yangu ni nzuri. Sikujua kwamba ule wekundu ulikuwa unatengenezwa na dawa yenyewe.

Kisha mvua zikakata barabara ya Uvira. Anayekaa Baraka anajua maana yake: sukari inapanda, sabuni inapanda, na vitu vidogo vidogo vinavyokuja na malori vinatoweka kabisa. Tyubu yangu ikaisha, na kwenye vibanda vyote hapakuwa na nyingine.

Uso uliwaka. Sina neno jingine. Ulivimba kuanzia chini ya macho hadi taya, ukawa mwekundu hata kwenye ngozi yetu nyeusi ambayo haionyeshi wekundu kirahisi, ukatoka vipele vyenye usaha mdomoni na kidevuni. Upepo wa ziwa, ambao siku zote ni rafiki, ukinigusa nilihisi kama nimepakwa pilipili. Mvuke wa ugali ulinitoa machozi. Kulala kwa ubavu nilishindwa kwa sababu shavu halikuweza kugusa mto. Kuinama juu ya ndagala wakati wa jua la saa sita ilikuwa haiwezekani, na mama wa ndagala asiyeinama hana chakula jioni. Wateja wangu wawili wakubwa waliacha kununua kwangu. Mmoja aliniambia wazi kwamba watu wanaogopa samaki walioshikwa na mwenye ugonjwa wa ngozi.

Kila mtu alileta ushauri: limau, majivu, maji ya chumvi. Wengi zaidi walisema dawa ya meno, kwa kuwa inaleta baridi. Nilipakwa, na kweli kwa dakika chache nilisikia baridi, kisha ngozi ikachachamaa maradufu. Baadaye nilikuja kusoma sababu yake. Ile mentholi iliyomo kwenye dawa ya meno, na kwenye mafuta ya kuchua kifua, haiondoi joto lolote mwilini. Inagusa tu vile vipokezi vya mishipa ya fahamu vinavyotambua baridi, ubongo ukadhani pamepoa, huku ngozi ni ya moto vilevile na sasa imeongezewa kitu cha kuikera. David Julius na Ardem Patapoutian walitumia mentholi hiyohiyo kukitafuta kipokezi cha baridi, na mwaka 2021, mwaka uleule wa mateso yangu, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya namna mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Kwenye ngozi iliyochubuka baridi ya kweli ni kitu kimoja na mentholi ni kitu kingine kabisa, na wauzaji wa pomadi za kupoza wangepaswa kuwaambia watu hivyo.

Aliyenishika mkono ni shangazi yangu wa Fizi. Alituma ujumbe na dereva wa pikipiki: mleteni huku juu. Kutoka Baraka barabara inaacha ziwa na kupanda vilima, na kadiri unavyopanda hewa inabadilika. Fizi jioni unatafuta kitenge cha pili cha kujifunika. Baraka iko chini kando ya ziwa, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji ya juu ya Tanganyika yenyewe ni ya vuguvugu, nyuzi kama 24 hadi 27 mwaka mzima. Mtu wa pwani akisema anaoga maji baridi anajisifu tu.

Shangazi hana friji, na umeme wa kampuni haujafika kwake. Ana mtungi. Ni mtungi wa udongo wa kawaida, mweusi kwa chini, umewekwa kwenye kona ya ukumbi ambapo upepo unapita lakini jua halifiki. Udongo wake unatoa jasho: maji yanapenya polepole hadi nje, upepo unayakausha, na kule kukauka ndiko kunakochukua joto la maji yaliyobaki ndani. Kwa hiyo maji ya mtungi huwa na ubaridi wa nyuzi kadhaa chini ya hewa ya nje, bila umeme na bila senti moja. Ubaridi wake hauumi meno, na ndiyo sababu ulikuwa mzuri kwangu.

Alichukua kanga ya zamani ya pamba, ile iliyofuliwa hadi ikawa laini kama utando, akaikata vipande vya kiganja. Akavichemsha. Maji nayo aliyachemsha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kabla ya kuyamimina mtungini, na juu ya hilo hakukubali mjadala hata makaa yalipopungua. Alikuwa sahihi. Pwani yetu yote, Uvira, Baraka, Fizi, ni nchi ya kipindupindu, kinarudi mwaka baada ya mwaka, na maji ya ziwa au ya mto si ya kuweka kwenye ngozi yenye vidonda karibu na mdomo na macho. Kila nikisikia mtu anashauri "osha tu na maji baridi" nataka kumuuliza, maji gani, mama?

Kisha alinilaza chali mkekani, akachovya kitambaa, akakikamua kidogo tu ili kisidondoke masikioni, akakitandaza juu ya shavu la kulia. Hakusugua wala hakugandamiza. Alikilaza kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Joto la shavu likaanza kupanda ndani ya kitambaa. Nililisikia kabisa likihama. Kitambaa kilipopata vuguvugu alikitoa, akaweka kingine, akahamia shavu la kushoto, paji la uso, kidevu. Wakati mwingine alikipepea kitambaa kikiwa bado usoni kwa upepeo wa ukindu wa kuwashia moto, na ule upepo mdogo ulifanya kazi kuliko maji yenyewe, kwa sababu ileile ya mtungi. Baada ya dakika kama kumi aliacha. Nilipoomba aendelee alikataa, akasema ngozi ikilowa sana inakuwa kama ya mfuaji nguo, inapasuka. Alinikausha kwa kugusagusa, kisha upesi, kabla unyevu haujaondoka, akanipaka mafuta ya mgando matupu, yasiyo na harufu wala rangi.

Nililala usiku ule kwa mara ya kwanza tangu tyubu ilipoisha. Nililala fofofo, sikusikia hata jogoo.

Tulifanya hivyo asubuhi, jioni, na kila uso ulipolipuka katikati ya siku. Baridi haikuniponya, na nataka hili lieleweke vizuri. Kila baada ya saa chache moto ulirudi. Lakini kwa kile kipindi kifupi mishipa ya damu iliyotanuka usoni ilinywea, muwasho ukatulia, na mkono wangu ukaacha kujikuna. Kujikuna ndiko kulikokuwa kunaleta vidonda na usaha. Baridi ilinipa nafasi ya kuiacha ngozi ifanye kazi yake yenyewe, na ilinipa usingizi, na mtu aliyelala anaweza kuvumilia kesho.

Niliporudi Baraka jirani yangu, binti wa shule, alikuwa ameona kwenye simu wanawake wa mbali wakitumbukiza uso kwenye bakuli la barafu kila asubuhi ili vinyweleo vijifunge na ngozi ing'ae. Alinunua barafu kwa wale wenye friza za jenereta wanaouza vinywaji karibu na soko, akaishika kipande kwa kipande akisugua moja kwa moja chunusi zake. Alijitahidi kuvumilia, kwa kuwa aliambiwa maumivu ndiyo kazi yenyewe. Mahali palipogandishwa zaidi, juu ya mfupa wa shavu, pakatoka lengelenge, na lilipopona likaacha doa jeusi ambalo lilikaa miezi mingi. Barafu inaunguza kama moto unavyounguza. Kwa ngozi nyeusi kila jeraha dogo linaacha kivuli chake, na watu wetu wanapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kuambiwa juu ya kung'aa. Kama una barafu, ifunge ndani ya kitambaa kilicholowa, iguse na kuondoka, usiiache mahali pamoja. Vinyweleo havina mlango wa kufunga. Ngozi inakaza kwa muda, uvimbe wa asubuhi chini ya macho unapungua, na baada ya saa moja hali inarudi ilivyokuwa. Hicho ndicho baridi inachoweza kumpa mtu mwenye afya, nacho si kibaya, ila kisiuzwe kwa jina kubwa kuliko lake.

Kuna jambo jingine baridi ilinifanyia ambalo sikulitarajia. Sisi watu wa Fizi tumezoea kusikia risasi usiku. Tangu 1996 hakuna mtu mzima wa huku ambaye hajawahi kukimbia, na walioona mauaji ya Makobola mwishoni mwa 1998 hawasimulii mpaka leo. Mwaka ule wa ugonjwa, usiku mmoja milio ilisikika upande wa vilimani, mbali, na ikaisha upesi. Moyo wangu haukuisha nayo. Ulikwenda mbio hadi nikahisi koo linaziba, na uso, kwa sababu damu yote ilikimbilia huko, ukawaka kuliko siku yoyote. Nilikwenda kwenye ndoo nikachovya kitambaa, nikakigandamiza kwenye macho na mashavu, nikabana pumzi kwa sababu tu maji yalinishtua. Moyo ukapunguza mwendo. Niliusikia ukipungua, kama mtu anayeacha kukimbia akaanza kutembea.

Nilidhani ni sala yangu tu. Sala ilikuwemo, na Mungu anajua. Lakini muganga mmoja wa kituo cha afya alinieleza kwamba hata mwili una njia yake. Maji baridi yakigusa paji la uso na eneo la kuzunguka macho na pua, huku pumzi imebanwa, mshipa wa fahamu wa uso hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huuamuru moyo upunguze mapigo, kama unavyofanya kwa wanyama wanaopiga mbizi. Madaktari hulitumia jambo hilo hata kwa watoto wachanga ambao moyo wao umeanza kwenda mbio kupita kiasi: wanawawekea mfuko wa barafu usoni kwa sekunde chache, hospitalini, chini ya uangalizi. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu bakuli la barafu nyumbani. Kwangu mimi kitambaa cha maji ya mtungi kilitosha, na tangu wakati huo mama zetu wa kikundi cha maombi wanaosumbuliwa na hofu ya usiku nimewafundisha hivyo. Mmoja wao, aliyepoteza wanawe wawili vitani, sasa analala na kopo la maji kichwani pa kitanda.

Aliyenipa jina la ugonjwa alikuwa mtaalamu wa ngozi niliyemwona Kigoma. Nilivuka kupeleka ndagala na kuwaona ndugu waliobaki kule, na ndugu hao ndio walionisukuma. Alikuwa amesomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992 na ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Ile tyubu tupu nilikuwa nimeitunza. Aliisoma kwa kuikaribisha machoni, akavuta pumzi.

"Mama, umepaka hii usoni muda gani?"

Nikamwambia.

Ilikuwa klobetasoli, asilimia 0.05. Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili cha Kigoma ambacho nilikizoea tangu utoto. Hiyo ni steroidi, dawa ya jamii inayotuliza uvimbe, na katika jamii hiyo klobetasoli iko kwenye daraja la juu kabisa la nguvu. Imetengenezwa kwa magonjwa mazito ya ngozi, mahali penye ngozi nene, kwa muda usiozidi majuma mawili mfululizo. Uso si mahali pake. Inabana mishipa ya damu, ndiyo maana wekundu unaisha na ngozi inaonekana nyeupe. Inazuia ngozi kujijenga, ndiyo maana inakuwa laini, kwa sababu imekuwa nyembamba. Ikikatwa ghafla, mishipa iliyokuwa imebanwa inatanuka yote kwa pamoja. Ule moto nilioupata ulikuwa ni huo. Wengi wanapofika hapo hurudi kwenye tyubu, na kila mzunguko unakuwa mbaya kuliko uliotangulia. Kilichoniokoa nisirudi, kwa maneno yake, ni barabara ya Uvira kukatika, na shangazi yangu.

Alinipa vidonge vya doksisaiklini kwa ajili ya vipele, baada ya kuhakikisha sina mimba. Alinikataza kila kitu cha usoni isipokuwa maji safi ya baridi na mafuta ya mgando. Akaniambia nijikinge na jua kwa kofia pana, maana ngozi nyembamba inachomwa upesi. Kuhusu mtungi alisema neno ambalo nilimpelekea shangazi akacheka hadi machozi: kwamba angemwandikia mgonjwa yeyote dawa hiyohiyo ya kitambaa, ila yeye asingeweza kumpa na shangazi wa kuiweka.

Nilipona polepole mno. Kulikuwa na juma zuri, kisha juma baya bila sababu. Ule moto uliendelea kupungua kwa miezi, ukawa unakuja jioni tu, kisha jua likizidi tu. Mishipa myembamba miwili mitatu bado inaonekana pembeni mwa pua yangu na daktari alisema huenda ikabaki. Rangi yangu ilirudi, nyeusi, ya baba yangu. Mume wangu ndiye aliyekuwa akichemsha maji asubuhi nilipokuwa sina nguvu, na katika yote hayo hakuniuliza hata mara moja lini nitakuwa mweupe tena. Wateja walirudi mmoja mmoja. Kanisani nilisimama wakati wa shuhuda nikiwa na uso mtupu bila kitambaa, nikaeleza kama ninavyoeleza hapa, na baada ya ibada akina mama watano au sita walinifuata nyuma ya jengo wakiwa wameficha tyubu zao kwenye kitenge.

Tyubu zile zilikuwa za namna mbalimbali. Baadhi walipewa kwa chunusi, kama mimi. Wengine walizinunua kwa kusudi la weupe, na siwahukumu, kwa maana nimezisikia sifa na najua utamu wake. Kuna zenye steroidi, kuna zenye haidrokwinoni, na kuna sabuni zenye zebaki, sumu ileile ambayo wachimbaji hukamatia dhahabu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulikwishaweka kikomo kikali cha zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa kabisa kufikia 2025. Makubaliano ni mazuri. Lakini kwenye beseni la mchuuzi wa Baraka zile sabuni bado zipo kati ya viberiti na nyembe, na hakuna anayemuuliza.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, kabla hujapaka pomadi yoyote usoni kwako au kwa mwanao, geuza tyubu utafute jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Klobetasoli huandikwa kwa C mwanzoni, betamethasoni kwa B. Ukiliona mojawapo usiipake usoni. Na kama umekuwa ukiipaka kwa muda mrefu, usiitupe leo usiku ukabaki peke yako na ule moto: ipeleke kwa daktari au muganga aliyesoma, akupangie namna ya kuiacha, na wakati huo chemsha maji, yaache yapoe kwenye mtungi, na utafute mtu wa nyumbani wa kukuwekea kitambaa.